Kinanda cha Richard Wright na ugomvi ulioivunja Pink Floyd

Tarehe 15 Septemba 2008 Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi ya roki ya Uingereza Pink Floyd, alifariki dunia kwa saratani akiwa na miaka 65. Kufikia siku hiyo mashabiki wa bendi walikuwa wamebishana kwa zaidi ya miaka ishirini. Wako waliosimama na Roger Waters, mpiga besi na mwandishi wa mashairi mengi ya bendi, na wako waliosimama na David Gilmour, mpiga gitaa mwenye sauti laini. Ukimsifu mmoja, mwenzako anakujibu kwa kumsifu mwingine. Kambi ya Wright haikuwepo. Ndiyo maana msiba wake uliwakuta watu katika hali ngeni: kambi zote mbili zililia, kisha zikaanza kuulizana maswali yaliyopaswa kuulizwa zamani. Kilichokuwa kikigombaniwa ni nini hasa? Na nani alikitengeneza?

Majibu yapo, ila yamefichwa ndani ya mikataba, katika majina madogo yaliyochapwa nyuma ya santuri, na katika namna biashara ya muziki inavyoamua nani ni mtunzi na nani ni mpigaji tu.

Tuanze na nafasi yake. Mwaka 1962 Wright, Waters na mpiga drams Nick Mason walikutana wakisomea usanifu majengo katika chuo cha Regent Street Polytechnic, London. Syd Barrett alijiunga baadaye, akaipa bendi jina kwa kuunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Barrett ndiye aliyekuwa kinara wa albamu ya kwanza ya mwaka 1967, lakini afya yake ya akili ilidhoofika upesi, na mwaka 1968 akawa nje ya bendi. Gilmour aliingia kipindi hicho hicho kuziba pengo.

Zipange tarehe hizo utaona jambo ambalo wengi hulisahau: Wright alikuwa ndani ya bendi miaka kadhaa kabla ya Gilmour. Watu hupenda kuusimulia mkasa huu kwa methali ya tembo wawili wapiganao na nyasi zinazoumia. Mimi naona methali hiyo inampunja. Nyasi huwa zimeota tu pale mahali. Wright alikuwa mmoja wa walioufungua uwanja wenyewe, na baada ya Barrett kuondoka ndiye aliyekuwa na elimu ya sauti na upatanifu iliyoisaidia bendi kujitafutia njia mpya.

Alichokifanya

Sikiliza "Echoes", wimbo wa mwaka 1971 unaopita dakika 23 na kujaza upande mzima wa santuri ya Meddle. Unaanza na noti moja tu. Wright anabonyeza kitufe kimoja cha juu kwenye piano, lakini sauti haifiki kwetu kama ya piano: imepitishwa kwenye spika ya Leslie, ile ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka na kuifanya sauti iwe kama inayumba. Inatoka kitu kama tone la maji linaloanguka ndani ya pango. Anasubiri. Anabonyeza tena. Kwa muda hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna neno lolote, na tayari msikilizaji anajua amefika mahali pengine. Wimbo wote ulijengwa kuanzia hapo. Uimbaji ukianza, zinasikika sauti mbili, ya Gilmour na ya Wright, zikitembea sambamba hadi ni vigumu kuzitenga.

Albamu iliyowapa utajiri, The Dark Side of the Moon, ilitoka Machi 1973. Ilikaa katika orodha ya albamu 200 za Billboard nchini Marekani kwa wiki 741 kati ya mwaka huo na 1988. Ndani yake Wright ameenea kila mahali. Melodi ya "Us and Them" aliipiga kwanza kwenye piano kwa ajili ya filamu ya mwongozaji wa Kiitaliano Michelangelo Antonioni, Zabriskie Point, na Antonioni akaikataa. Ikakaa kabatini hadi Waters alipoiandikia maneno. Katika "Breathe" kuna mpito wa noti ambao Wright mwenyewe alieleza kuwa aliuokota kwenye Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis. Katika "Time", Gilmour anaimba zile beti kali, na sehemu zinazotulia zinaimbwa na Wright. Wengi waliousikia wimbo huo maisha yao yote hawajui kama wanaoimba ni watu wawili.

Halafu kuna "The Great Gig in the Sky", ambao mashabiki wengi waliurudia alipofariki. Ni utunzi wake wa piano kuhusu kifo. Maneno yake ni machache sana, ya watu walioulizwa swali na kurekodiwa wakijibu. Mmoja wao, bawabu wa studio za Abbey Road, anasema haogopi kufa. Yaliyobaki ni piano ya Wright na sauti ya mwimbaji Clare Torry ikilia bila neno hata moja. Kwa wafiwa wa mwaka 2008 haikuhitajika kutafuta wimbo wa maombolezo. Marehemu alikuwa ameutunga miaka 35 kabla.

Nani huitwa mtunzi

Hapa ndipo penye fundo, na ukilifungua hili mengine yote yanafuata.

Katika biashara ya muziki ya Uingereza na Marekani, wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi, yaani ile sauti yenyewe iliyonaswa studio. Anayeandikwa mtunzi hupata mirabaha yake kila wimbo unapochezwa redioni, unapouzwa, na hata unaporekodiwa upya na mtu mwingine kabisa. Aliyechangia sauti tu hulipwa kwa kadiri ya mkataba wake, au hulipwa siku hiyo akaenda zake.

Clare Torry ndiye ushahidi ulio wazi kuliko wote. Alipoingia Abbey Road Januari 1973 alilipwa pauni 30 kwa kazi ya siku moja. Melodi aliyoiimba hakuandikiwa na mtu; aliibuni pale pale mbele ya maikrofoni. Kwa zaidi ya miaka thelathini jina lililosomeka kama mtunzi lilikuwa la Wright peke yake. Mwaka 2004 Torry alikwenda mahakamani, mwaka uliofuata pande mbili zikapatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake huandikwa kando ya la Wright. Kwa hiyo Wright naye alinufaika na utaratibu huu pale ulipomwangukia upande mzuri. Nalisema kwa sababu mapenzi ya mashabiki baada ya msiba yalitaka kumfanya mtu asiye na doa, na kumpenda kwa haki hakuhitaji hivyo.

Sasa mweke mpiga kinanda ndani ya utaratibu huo. Kazi yake kubwa ni mazingira ya wimbo: namna noti zinavyotandikwa chini ya sauti, lini ogani iingie, lini inyamaze. Dakika za mwanzo za "Shine On You Crazy Diamond" ya 1975 zisingekuwa chochote bila kinanda chake. Lakini mazingira hayana mahali pake kwenye karatasi ya utunzi. Mtu mwenye maneno huonekana. Mtu mwenye melodi ya kuimbika huonekana. Aliyeifanya bendi isikike kama ilivyosikika hutegemea ukarimu wa wenzake wanapogawana majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukarimu huo ulikuwepo, na nyimbo kadhaa zilibeba majina ya wote wanne. Kisha ukapungua.

Katika albamu ya Animals ya 1977 jina la Wright halimo kabisa kwenye utunzi. Waters aliandika karibu kila kitu. Gilmour aliambulia fungu katika wimbo mmoja, "Dogs", unaozidi dakika 17 na kula karibu upande mzima. Waters alikuwa na kiwimbo kifupi alichokigawa vipande viwili, kimoja mwanzoni mwa albamu na kingine mwishoni, na kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa idadi ya nyimbo, vipande hivyo vya dakika moja na nusu vilihesabiwa kama nyimbo mbili. Ugomvi wa Pink Floyd husimuliwa kama mgongano wa majitu mawili yenye maono makubwa. Sehemu kubwa yake ilianzia kwenye hesabu za namna hii.

Wright mwenyewe alikiri baadaye kuwa miaka hiyo hakuwa akileta nyimbo mpya, na ndoa yake ilikuwa ikiyumba. Lakini ni vigumu kujua ni kipi kilitangulia. Mtu anayeona nyimbo zake hazitakiwi huacha kuzileta, na akiacha kuzileta anaambiwa hana mchango.

Majira ya joto ya 1979

Wakati wa kurekodi The Wall, bendi ilikuwa na shida ya fedha. Kampuni ya uwekezaji waliyoikabidhi pesa zao ilikuwa imeanguka, na deni la kodi likawa linawanyemelea, ndiyo maana kazi ilifanyika nje ya Uingereza, kwa sehemu kubwa Ufaransa. Kampuni ya kurekodi iliahidi masharti mazuri zaidi iwapo albamu ingekuwa tayari kwa mauzo ya mwisho wa mwaka. Waters akataka Wright akatize likizo aliyokuwa nayo na watoto wake Ugiriki, aje kumalizia sehemu za kinanda. Wright akakataa.

Waters akatoa sharti: Wright akubali kuondoka kwenye bendi albamu ikishakamilika, la sivyo mradi mzima ukwame. Gilmour na Mason hawakumpigania kiasi cha kulizuia hilo. Wright alikubali. Umma haukuambiwa. Maonyesho ya The Wall ya 1980 na 1981 aliyapiga kama mwajiriwa wa mshahara, amekaa pale pale alipokuwa akikaa siku zote, mashabiki mbele yake wasijue kuwa wanamtazama mtu aliyekwisha kufukuzwa. Maonyesho hayo yalikuwa na gharama kubwa mno na yakaingiza hasara, iliyobebwa na wale watatu waliobaki wenye bendi. Wa nne, kwa kuwa alikuwa kibarua wao, ndiye pekee aliyetoka na faida.

The Final Cut ya 1983 haina noti hata moja ya Wright. Isikilize ukitoka kwenye Wish You Were Here, albamu yao ya 1975, na utausikia utupu huo bila kuambiwa. Maneno ya Waters ni mazito na ya dhati, gitaa la Gilmour lipo, lakini hewa imetoka.

Vita ya jina

Waters alijitoa mwaka 1985 akiamini bendi imekufa. Gilmour na Mason wakataka kuendelea. Mwaka uliofuata Waters akaingia kwenye vita ya kisheria kuzuia jina lisitumike. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa nguvu ya ubunifu. Hoja ya wenzake ilikuwa kwamba jina ni mali ya kundi, na anayeondoka analiacha nyuma. Mwishoni mwa 1987 walipatana. Gilmour na Mason wakabaki na jina, Waters akabaki na haki za The Wall pamoja na yule nguruwe wa puto aliyekuwa nembo ya maonyesho yao.

Wright aliomba kurudi wakati vita hiyo ikiendelea, na akarudi, lakini si kama mwanabendi kamili. Masharti aliyoyakubali alipoondoka yalifanya kurudi kwake kuwe na utata wa kisheria. Kwa hiyo kwenye A Momentary Lapse of Reason ya 1987 alilipwa mshahara, na picha iliyowekwa ndani ya jalada ilikuwa ya Gilmour na Mason tu. Ilipotoka The Division Bell, mwaka 1994, ndipo jina lake liliporudi kwenye utunzi, na akaimba "Wearing the Inside Out", wimbo wa mtu aliyenyamaza muda mrefu anayeanza kuongea tena. Maneno ni ya mwandishi mwingine, Anthony Moore. Hata hivyo, kwa sauti ile, yalimkaa.

Dakika chache za Hyde Park

Tarehe 2 Julai 2005, kwenye tamasha la Live 8 katika Hyde Park, London, wanne hao walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 24. Walipiga nyimbo nne hivi. Walipomaliza, Waters aliwaita wenzake wakumbatiane mbele ya umati. Gilmour alisita, kisha akasogea. Picha ile ya wazee wanne wameshikana mabega ilizunguka dunia nzima.

Kuanzia hapo mashabiki waliishi kwa matumaini. Ofa za ziara ya pesa nyingi zilitajwa, na Gilmour akazikataa. Yeye alichagua kuzunguka kwa muziki wake mwenyewe mwaka 2006, na akamchukua Wright. Kwenye ziara hiyo walirudisha "Echoes". Ukitazama picha zilizorekodiwa Gdańsk, Poland, Agosti mwaka huo, sehemu ambapo gitaa na kinanda vinajibizana, utawaona wakitazamana kama watu wanaomaliziana sentensi. Rekodi ya onyesho hilo ilitoka madukani wiki moja baada ya Wright kufariki.

Barrett alikuwa ameshatangulia, Julai 2006. Kwenye tamasha la kumkumbuka lililofanyika London Mei 2007, Waters alipiga kivyake na wale watatu wakapiga kivyao, jukwaa moja, usiku mmoja. Wanne hawakusimama pamoja tena.

Kilichosemwa msibani

Maneno ya wenzake yaliwagusa sana mashabiki kwa sababu yalikuwa na kukiri ndani yake. Gilmour alisema hakuna awezaye kuchukua nafasi ya Wright, na kwamba katika mabishano yote ya nani au nini ndiyo Pink Floyd, mchango wake mkubwa ulisahauliwa mara nyingi. Waters, aliyemfukuza, alisema ni vigumu kuutia chumvi umuhimu wa sauti yake katika muziki wa bendi miaka ya 1960 na 1970, akaishukuru Live 8 kwa kumpa nafasi ya kukutana naye mara ile ya mwisho, na akatamani zingekuwepo nyingine. Mason alimlinganisha na George Harrison wa The Beatles, yule mkimya aliyefunikwa na wawili wenye kelele.

Majuto ya mashabiki nayo yalikuwa na sura mbili. Kuna waliowalilia Waters na Gilmour kuliko Wright: walilia ziara ambayo sasa haitakuwepo. Hao nawaelewa, lakini naona waliendelea kuufanya ugomvi kuwa ndiyo habari. Wengine walirudi kwenye santuri wakaanza kusikiliza kinanda peke yake, wimbo baada ya wimbo, na hapo ndipo mjadala ulipobadilika. Ukishasikia "Us and Them" kama kazi ya Wright, swali la nani ndiye Pink Floyd kati ya wale wawili linakosa maana, kwa sababu wimbo ule haukutoka kwa mmoja wao.

Gilmour aliishi kulingana na alichosema. Mwaka 2014 yeye na Mason walichukua vipande alivyopiga Wright wakati wa The Division Bell wakavijenga kuwa The Endless River, albamu yenye muziki zaidi ya maneno, iliyotolewa kwa heshima yake. Alipokwenda kupiga Pompeii Julai 2016, katika uwanja ule wa kale ambako bendi ilirekodiwa mwaka 1971, kila shabiki alitarajia "Echoes". Hakuipiga. Alieleza kuwa hawezi kuipiga bila Wright.

Msiba haukuleta suluhu. Waters, Gilmour na Mason walionekana pamoja jukwaani London Mei 2011, basi. Mwaka 2023 ugomvi ulilipuka upya na vibaya zaidi, safari hii juu ya siasa, na katika mahojiano na gazeti la The Telegraph Waters alisema Gilmour na Wright hawakuwa wasanii na hawakujua kutunga nyimbo. Wright alikuwa kaburini miaka kumi na minne. Wengi walioyasoma maneno hayo wakikumbuka rambirambi za 2008 walishindwa kuyaunganisha, nami ni mmoja wao.

Oktoba 2024 ilitangazwa kuwa rekodi za Pink Floyd, pamoja na jina na sura ya bendi, zimeuzwa kwa Sony kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 400. Gilmour alishaeleza kuwa moja ya sababu za kutaka kuuza ni kuepukana na mabishano ya kila uamuzi. Haki za utunzi hazikuwemo kwenye mauzo hayo. Zilibaki kwa walioandikwa watunzi. Kilichouzwa kwa fedha hizo ni sauti iliyonaswa: tone lile la piano mwanzoni mwa "Echoes", ogani chini ya "Us and Them", na kila kitu kingine ambacho karatasi ya utunzi haikuwa na mahali pa kukiandika.